Soko, supamaketi au duka la kigeni: ununue wapi chakula ukiishi Italia

Italia ina chakula kingi na kizuri, lakini jiko la ugali, wali wa nazi na mchuzi haliwezi kutegemea duka moja. Mchele wa pilau una kwake, sukuma ina kwake, mbuzi ana kwake. Anayenunua kila kitu supamaketi atalipia hiliki na mdalasini kwa bei ya kuumiza. Anayekwenda duka la Waafrika kwa kila kitu atalipa zaidi kwa nyanya na vitunguu ambavyo sokoni vinauzwa karibu na bure saa za mwisho. Ulinganisho huu ni wa Mswahili aliyefika Torino, Roma, Padova au Palermo na bado anajiuliza aelekeze wapi mkoba wake. Sehemu zinazopimwa ni nne: soko la mtaani, supamaketi, duka la kigeni, na sanduku la kutoka nyumbani.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni bei, na bei Italia isomwe kwa kilo. Kibandiko cha rafuni kina tarakimu kubwa ya pakiti na tarakimu ndogo iliyoandikwa "al kg". Hiyo ndogo ndiyo ya kutazama. Sokoni na kwenye kaunta za nyama na jibini kuna kipimo kingine, *etto*, yaani gramu 100. Kibao kikisema "2,00 l'etto", bidhaa hiyo ni euro 20 kwa kilo. Wageni wengi huona tarakimu hiyo mbili, wakaagiza nusu kilo, wakaduwaa kwenye kulipa.

Cha pili ni ubichi na majira. Cha tatu ni upatikanaji wa vyakula vya kwetu: unga, mboga za majani, mbuzi, samaki, viungo, nazi. Cha nne ni taratibu na saa za kufungua, maana Italia duka zuri lililofungwa ni sawa na duka lisilokuwepo. Cha tano ni makosa: kitu gani hununuliwa kimakosa mahali hapo, na kwa nini. Hicho cha mwisho kimepewa nafasi kubwa hapa kwa sababu ndicho kinachopoteza pesa nyingi kuliko tofauti za bei.

Soko la mtaani

Kuna soko la kila siku, ambalo mara nyingi lina jengo au vibanda vya kudumu, na kuna soko la wiki ambalo hufunga barabara siku moja au mbili tu. Porta Palazzo la Torino, pale Piazza della Repubblica, huhesabiwa miongoni mwa masoko makubwa ya wazi Ulaya, na lina sehemu yake ya wakulima wanaouza walichovuna wenyewe. Palermo kuna Ballarò na Capo. Firenze kuna Sant'Ambrogio. Milano, soko la viale Papiniano huwa Jumanne na Jumamosi. Roma kuna soko la Esquilino karibu na kituo cha Termini. Hilo ni la pekee, na tutalirudia.

*Bei.* Kwa mboga na matunda ya msimu, soko ni vigumu kulishinda. Siri iko kwenye saa. Masoko mengi ya asubuhi hufungwa kati ya saa saba na saa nane mchana, na nusu saa ya mwisho muuzaji anapendelea kuuza kreti nzima ya nyanya zilizoiva kuliko kuirudisha garini. Nyanya hizo hazifai kukaa siku tatu, ila kwa mchuzi wa jioni hiyo hazina mfano. Nunua, menya, chemsha, gawa kwenye vyombo vya kugandisha. Matunda ya nje ya msimu ni hadithi nyingine, na hapo supamaketi huweza kuwa nafuu.

*Ubichi na majira.* Hapa ndipo soko linapong'ara, na ndipo Mswahili anapopaswa kujifunza kalenda. Kuanzia Novemba hadi mwisho wa baridi kuna *cavolo nero*, jamii moja na sukuma wiki. Majani yake ni marefu, meusi, yenye mikunjo. Toa uti wa katikati, kata nyembamba sana, kaanga na kitunguu na nyanya kwa dakika kumi hivi, kwani ni mgumu kuliko sukuma ya Nairobi. Ukinunua baada ya baridi kali kupiga shamba, huwa laini na mtamu zaidi. *Cime di rapa*, majani na vikonyo vya tanipu, zina uchungu: zichemshe dakika mbili, mwaga maji, ndipo uunge. *Bietole*, zile mboga ambazo kwetu wengi huziita spinachi, hupatikana karibu mwaka mzima na hukaa vizuri mahali pa mchicha, hasa kwa nazi.

Na kwa anayeishi Sicily kuna zawadi ambayo wengi hupita bila kuiona: *tenerumi*. Hayo ni majani na vikonyo vichanga vya mung'unye mrefu wa huko, na huuzwa kwa mafungu wakati wa kiangazi. Aliyekulia kwenye majani ya maboga atayajua kwa kuyashika tu. Chambua nyuzi za vikonyo kama unavyochambua za maboga, pika kwa karanga au nazi. Sicily hiyohiyo hutoa maembe, yanayoanza mwishoni mwa kiangazi na kuendelea hadi vuli. Bei yake si ya mchezo, lakini yameivia mtini, tofauti na yale magumu yaliyosafiri baharini.

*Vyakula vya kwetu.* Kwenye soko la kawaida la Kiitaliano hutapata mihogo wala bamia kila siku. Esquilino ni jambo jingine: Wabangladeshi, Wachina na Waafrika wana vibanda humo, na mchicha wenyewe, bamia, mihogo, ndizi za kupika na pilipili kali hukaa meza moja na artichoki za Lazio. Porta Palazzo nalo lina wauzaji wa kila bara. Kwa kuku, uliza *gallina*, yaani kuku jike mkubwa aliyemaliza kutaga. Nyama yake ni ngumu na supu yake ina mafuta ya njano. Mpe saa mbili au zaidi jikoni, utapata ladha iliyo karibu na kuku wa kienyeji. *Pollo* wa kawaida huiva chini ya saa moja na supu yake ni nyepesi.

*Taratibu na saa.* Salamu kwanza. "Buongiorno" inafungua mlango sokoni kama "shikamoo" inavyofungua kwetu. Kama hakuna foleni ya wazi, uliza "Chi è l'ultimo?", yaani nani wa mwisho, kisha mfuate huyo. Usishike matunda wala mboga: muuzaji ndiye anayechagua na kupima. Ukitaka nyanya za kupikwa leo sema "per oggi, da sugo". Ukitaka za kachumbari sema "da insalata". Kusema matumizi kunakupatia bidhaa bora kuliko kuonyesha kidole. Ukishanunua vya kutosha, Roma na Toscana si ajabu kuongezewa bure kifungu cha *odori*: selari, karoti, mirihani au parsle. Kisheria mfanyabiashara lazima akubali kadi, na adhabu zilianza kutekelezwa tarehe 30 Juni 2022, lakini noti ndogo na sarafu bado hurahisisha maisha.

*Makosa.* Kubwa ni kununua samaki Jumatatu. Boti nyingi hazitoki Jumapili, kwa hiyo meza ya Jumatatu ina samaki wa Jumamosi au haina kitu. Nunua Jumanne hadi Ijumaa, na mwambie muuzaji "me lo pulisce?" akuparie magamba na kutoa matumbo. Kosa la pili ni kutobeba mkoba imara: mifuko yao laini huoza kirahisi kwa sababu imetengenezwa ioze, na kilo nne za machungwa huishia chini ya ngazi.

*Panamfaa* mwenye asubuhi huru, jokofu lenye nafasi, na mapenzi ya mboga. Hapamfai anayetoka kazini jioni.

Supamaketi, pamoja na zile za bei nafuu

Esselunga, Coop na Conad ni supamaketi za kawaida. Lidl, Eurospin, MD na Penny ziko kwenye kundi ambalo Waitaliano huliita *discount*. Tofauti kubwa iko kwenye kaunta za nyama na samaki, wingi wa aina, na bei.

*Bei.* Kwa unga wa ngano, sukari, chumvi, mafuta ya kukaangia, maziwa, mayai, maharage na tambi, discount ndiyo yenye nafuu. Kwa mafuta ya maandazi na sambusa, tafuta *olio di semi di arachide*, ya karanga, au ya alizeti, *girasole*. Mafuta ya zeituni ya *extravergine* yaache kwa saladi. Kwa maharage, *borlotti* makavu ndiyo ndugu wa yale ya madoa mekundu: loweka usiku kucha. Ukinunua ya kopo, soma *peso sgocciolato*, uzito baada ya kumwaga maji. Kopo la gramu 400 huwa na maharage gramu 240 hivi, na bei ya kilo ihesabiwe kwa hizo.

*Ubichi na majira.* Wastani, lakini wa kuaminika. Kila kitu kina asili yake iliyoandikwa. Tofautisha maneno mawili ya tarehe: "da consumare entro" ni mwisho wa usalama, ikipita tupa. "Da consumarsi preferibilmente entro" ni mwisho wa ubora, na unga au chai iliyopita wiki mbili bado inalika.

*Vyakula vya kwetu.* Vipo vingi kuliko watu wanavyodhani, ila vimejificha nyuma ya majina. Mfano mzuri uko kwenye friji ya samaki. Ukiona minofu imeandikwa *persico africano* au *persico del Nilo*, soma jina la kisayansi. Sheria ya Ulaya inalazimisha liwepo, na kama ni *Lates niloticus* basi huyo ni sangara, au mbuta kwa Wakenya. Samaki wa maji baridi lazima aandikiwe nchi, na mara nyingi utakuta Tanzania, Uganda au Kenya. Ziwa Victoria limekufuata hadi Bologna. Minofu hiyo haina mfupa wala kichwa, kwa hiyo kwa mchuzi wa nazi ongeza ladha kwa kukaanga kwanza na ndimu na kitunguu saumu, kisha iingie kwenye tui dakika sita tu, la sivyo itamomonyoka.

Maziwa mgando: chukua *kefir* au *yogurt bianco intero* usio na sukari. Tui: kopo la *latte di cocco* lenye asilimia 60 au zaidi ya nazi. Epuka *crema di cocco* yenye sukari, ambayo ni ya vinywaji.

Sasa unga wa ugali, ambao unastahili aya zake. Waitaliano wa kaskazini wamekula mahindi karne nyingi, na rafu ya *farina di mais* ina aina ambazo hazibadilishani. *Bramata* ni chenga nene za njano: huhitaji dakika 40 na zaidi, na hata hivyo ugali wake hukwaruza. *Fioretto* ni laini zaidi. *Fumetto* ni laini kuliko zote, wa keki na biskuti. *Taragna* una ngano nyeusi ndani yake na hugeuka kijivu. *Istantanea* au *precotta*, wa "dakika 5", ulishapikwa kiwandani: wanga wake hunywa maji mara moja, hivyo ukiusonga kama sembe unapata mabonge nje na ukavu ndani. Huo ndio unga ambao wageni wengi huukimbilia kwanza, kisha wakahitimisha kwamba Italia hakuna ugali.

Kinachofaa ni *fioretto*, na ukipata *bianca*, mweupe, bora zaidi. Mweupe ni wa kawaida Veneto na Friuli, kwa hiyo anayeishi Padova au Venezia ana bahati. Kwa watu wawili: maji nusu lita, unga gramu 250 hadi 300. Koroga vijiko vitatu vya unga kwenye maji baridi kidogo, mimina kwenye maji yanayochemka, acha uji utokote dakika tano kamili. Hatua hiyo usiiruke, maana punje za fioretto ni kubwa kuliko za sembe na huchelewa kunywa maji. Ongeza unga uliobaki kidogo kidogo, songa, punguza moto, funika dakika nane, songa tena. Ukiona bado unakwaruza, mara nyingine changanya sehemu mbili za fioretto na moja ya fumetto.

Unga wa chapati ni rahisi zaidi. Chukua *farina 00* wenye protini gramu 10 hadi 11.5 kwa kila gramu 100, kama ilivyoandikwa mgongoni mwa pakiti. Kwa gramu 500 tia kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vitatu vikubwa vya mafuta na maji vuguvugu mililita 280 hadi 300, upumzishe nusu saa. *Manitoba* una protini nyingi na hurudi nyuma kila ukisukuma. Ule wa keki una kidogo na huchanika.

*Taratibu na saa.* Nyingi hufungua bila kufunga mchana, na nyingi hufungua Jumapili. Kwenye mboga vaa glavu ya plastiki, weka mfukoni, kisha kwenye mizani bonyeza namba ya bidhaa na ubandike kibandiko. Ukisahau, keshia atakurudisha huku foleni nzima ikikutazama. Kwenye baadhi ya discount mizani iko kwa keshia. Tangu Januari 2018 mifuko hiyo hutozwa senti kisheria, hata ukiwa na limau moja. Kwenye kaunta ya nyama chukua kwanza kikaratasi cha namba.

*Makosa.* Matatu yanajirudia. La kwanza ni mchele: Arborio, Carnaroli na Vialone Nano ni ya risotto, na wanga wake hutoka kwenye maji hadi pilau ikawa bokoboko. Chukua basmati, au *parboiled* kwa wali wa kila siku. La pili ni hamira. *Lievito di birra* ndiyo hamira, iwe kipande kibichi cha gramu 25 kwenye friji au pakiti kavu ya gramu 7. *Lievito per dolci* ni baking powder, na mara nyingi ina vanila. Vanila hiyo kwa mahamri haidhuru sana, ila ukiitia kwenye mikate ya chumvi utajuta. La tatu ni bizari ya pilau: *cumino* mwenyewe ni *Cuminum cyminum*, lakini *cumino dei prati* ni *Carum carvi*, kiungo kingine kabisa chenye ladha ya mkate wa Kijerumani. Mbegu zinafanana, kwa hiyo soma jina la kisayansi.

*Panamfaa* mwenye saa chache na anayeanza kujua nchi, maana hulazimiki kusema neno. Kwa viungo na mchele wa wingi, hapana.

Duka la kigeni na bucha la halali

Haya yamejikusanya mitaa maalumu: Esquilino na Torpignattara Roma, via Padova na Porta Venezia Milano, San Salvario na Porta Palazzo Torino, Bolognina huko Bologna, maeneo ya Piazza Garibaldi Napoli. Porta Venezia ina historia ndefu ya Waeritrea na Waethiopia, na Wasomali pia wamekuwepo Italia tangu enzi za ukoloni, kwa hiyo sambusa na chai ya viungo hazikuanza na sisi huko.

*Bei.* Viungo ndiyo sababu ya kwanza ya kwenda. Hiliki, karafuu, mdalasini na binzari huuzwa kwa pakiti za gramu 100 na zaidi, wakati supamaketi inakupa chupa ndogo yenye gramu chache. Basmati wa kilo 5, 10 au 20 nao ni nafuu kwa kilo. Vyakula vilivyosafiri kwa ndege, kama bamia mbichi na majani, ni ghali, na haiwezi kuwa vinginevyo.

*Ubichi na majira.* Uliza siku mzigo unapoingia, kisha uende siku hiyo au inayofuata. Muhogo huwa umepakwa nta. Vunja ncha, au mwombe muuzaji akate: nyama iwe nyeupe, bila mistari ya bluu au kahawia. Kwenye friza, pakiti yenye barafu nyingi ndani au iliyogandiana bonge moja iliyeyuka ikagandishwa upya. Iache.

*Vyakula vya kwetu.* Choroko, dengu, kunde, ndizi za kupika, mawese, karanga mbichi, pilipili mbuzi, samaki wakavu, majani ya chai ya punje yanayotoa rangi mara moja. Kisamvu, ambacho Wakongo wanakijua kama sombe au pondu, huja kimetwangwa na kugandishwa. Kichemshe saa nzima au zaidi bila kufunika mwanzoni, maana kisamvu kibichi kina sumu inayotoka kwa moto na maji. Bucha la halali ndilo lenye mbuzi mwaka mzima, na hukatwa na mifupa kwa msumeno, kama supu inavyotaka. Bucha la Kiitaliano huwa na *capretto*, mbuzi mchanga, zaidi wakati wa Pasaka. Utumbo ni kinyume: *trippa* ya bucha la Kiitaliano huja imesafishwa na kuchemshwa, nyeupe, tayari kwa nusu saa ya mchuzi.

*Taratibu na saa.* Hufungua mchana kutwa hadi jioni, na mengi hayafungi Jumapili. Lugha ni mchanganyiko, na mara nyingi Kiitaliano kidogo na kuonyesha kidole vinatosha.

*Makosa.* Maduka mengi yana bidhaa za Afrika Magharibi, na majina yanadanganya. *Gari* ni muhogo uliochachushwa na kukaangwa, na ugali wake ni mchachu. Pakiti nyingi za "fufu" zina wanga wa viazi ndani. Anayetaka ugali wa muhogo asome viungo na atafute unga wa muhogo mtupu. Unga mweupe wa mahindi wa Amerika Kusini, wa arepa, umepikwa tayari na huleta shida ileile ya istantanea. Tena, kila chakula kinachouzwa Italia lazima kiwe na maelezo ya Kiitaliano, hata kama ni kibandiko cha mwagizaji. Pakiti isiyo nacho usiinunue.

*Panamfaa* anayepika vyakula vya nyumbani mara nyingi na anayeishi mjini. Kwa nyanya, vitunguu, maziwa na mayai, nenda kwingine.

Sanduku la kutoka nyumbani

Bei yake ni uzito wa ndege, na ubora haupingiki: sembe, dona, majani ya chai, viungo vya Zanzibar, dagaa. Lakini forodha ya Ulaya ina sheria za wazi. Nyama na maziwa kutoka kwetu ni marufuku kwa abiria, hata nyama kavu na samli. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, kwa hiyo dagaa wakavu hawana tatizo. Tangu tarehe 14 Desemba 2019, matunda na mboga mbichi vinahitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa mananasi, nazi, ndizi, tende na durian. Embe la bibi litabaki uwanja wa ndege, na mbegu za kupanda pia zinahitaji cheti. Anayetaka mchicha wa barazani anunue mbegu za *amaranto* Ulaya, apande Mei, baridi ya usiku ikishapungua.

Panamfaa anayekaa mji mdogo, na kila mtu kwa chai na unga wa siku za hamu.

Kwa hali yako

*Mwanafunzi wa Padova, Bologna au Torino.* Mchana kula mensa, yaani kantini ya chuo. Vya msingi chukua discount, mboga sokoni Jumamosi kuelekea kufunga, na gunia la basmati la kilo 10 mgawane na wenzio wa nyumba.

*Anayelea wazee na kulala kwa mwajiri.* Mapumziko huwa mara nyingi Alhamisi mchana na Jumapili, saa ambazo masoko mengi yamefungwa. Duka la kigeni ndilo lako, supamaketi ikisaidia. Kama jiko ni la mwajiri, pika mapema na ugandishe, maana samaki wakavu huleta maneno kwenye nyumba za watu.

*Familia yenye watoto.* Supamaketi mara moja kwa wiki kwa maziwa, mayai, unga na mafuta. Soko mara moja kwa mboga na matunda. Bucha la halali mara moja kwa mwezi, ununue kilo tano za mbuzi ugawe kwenye mifuko ya nusu kilo. Gandisha ikiwa bapa, huyeyuka upesi.

*Jumuiya za masista na mapadre Roma.* Mnapika kwa wingi na mna mtu wa kwenda asubuhi. Esquilino siku za kazi, kreti kwa kreti. Mwisho wa wiki kuna soko la wakulima la Campagna Amica karibu na Circo Massimo, ghali kidogo lakini mayai na mboga zake ni za mkulima mwenyewe.

*Anayeishi mji mdogo usio na duka la kigeni.* Jifunze cavolo nero, bietole, borlotti, fioretto na gallina, utapika vizuri kwa vilivyopo. Mara moja kila miezi miwili panda treni na mkoba wa baridi, ununue viungo na kisamvu.

*Anayepikia sherehe.* Mbuzi mzima aagizwe bucha la halali wiki mbili kabla, na tatu kama ni karibu na Pasaka au Idd el-Adha. Lipa kianzio, andikisha uzito na namna ya kukata, na hakikisha siku ya kuchukua haiangukii sikukuu za kitaifa za tarehe 15 Agosti, 25 Aprili au 1 Mei. Mchele na mafuta nunua wiki moja mapema, nyanya na vitunguu sokoni siku moja kabla, na ndimu duka la Waasia, maana malimau ya Italia ni makubwa na mazuri lakini kachumbari ya pilau inataka ukali wa ndimu.